Mistari ya Makaa Jikoni Mwetu

Enzi zetu pale kijijini Kipese, Jumamosi ilinukia viazi vya kuchemsha na moshi wa kuni mbichi. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka: baridi ya asubuhi, miguu mitupu kwenye umande, mpira wa matambara. Kwetu Jumamosi ilikuwa pia siku ya ukuta. Tukishakula, Baba alichukua kipande cha kaa lililozimika, akamchorea kila mtoto mistari miwili kwenye ukuta wa jikoni: mmoja wa kusoma, mwingine wa hesabu. Ukisonga mbele wiki hiyo, mstari wako ulirefuka kwa upana wa kidole. Ukikwama, ulibaki pale pale, na wageni wote waliokuja kuota moto waliuona.

Hesabu, Mama aliipima kwa maharagwe. Aliyamwaga, akaondoa mengine, akayafunika kwa mkono na kuuliza yamebaki mangapi. Hapo sikuwa na shida. Kusoma, nilimsomea Baba katekisimu. Yeye hakujua herufi hata moja, lakini alifurahi sana, na mstari wangu ukakaribia mlango.

Siku moja katekista wetu, mzee mpole, alinikuta nasoma. Akanifunulia ukurasa mwingine. Mimi nikaendelea na yale yale.

"Ee Masika! Ukurasa ni ingine, maneno ni ile ile?" Akacheka mpaka akakohoa. "Baba Masika, huyu mutoto hapana soma. Anaimba tu!"

Mungu ni shahidi, niliamini kwamba kusoma ndiko huko: kushika kitabu na kusema yale tuliyokariri kanisani. Baba hakucheka. Alilowesha kiganja, akafuta mstari wangu wote.

"Kama Pasaka inafika na hajajua, atabakia na mama yake mu shamba ya viazi. Masomo ni ya bale banasoma."

Nililia. Lakini kila jioni baada ya rozari nilienda kwa katekista, naye akanianzisha upya, herufi kwa herufi. Mstari ulirefuka kidogo kidogo. Wiki nyingine haukusogea kabisa. "Pole pole, mwana," alinifariji, "hata ngano hapana kuwa inakomaa kwa kuvutwa."

Jumamosi kabla ya sikukuu ya Matawi, Pasaka ikiwa imekaribia, Baba alirudi kutoka soko la mjini Butembo na chumvi iliyofungwa katika kipande cha karatasi. Akaimwaga chumvi kwenye chungu, akanipa karatasi.

"Soma."

Maneno yale hayakuwa ya kanisani. Nikapitisha kidole, jasho likinitoka: "Ka-ha-wa i-a-ni-kwe ju-a-ni, i-si-gu-se u-do-ngo."

Baba alikuwa amefumba macho, midomo yake ikitembea pamoja na yangu. "Ni ile ile!" akapaza sauti. "Mama Masika, mutoto anasoma kweli!"

Kumbe alimwomba mwenye duka aliyemuuzia chumvi amsomee, kisha njia nzima mpaka Kipese akayarudia maneno yale asiyasahau, yeye mkulima wa viazi, asiye na mti hata mmoja wa kahawa. Pumzi niliyoishusha siku ile bado naisikia kifuani. Mama alisema, "Wasingya, Mungu wangu," shukrani yetu ya Kinande, na Baba akachora mstari wangu mpaka juu ya mlango.

Leo naishi Butembo kwa mwanangu. Maendeleo ya kila wiki ya mjukuu wangu Kavira, kusoma na hesabu, yanaingia kwenye simu ya baba yake. Anayatazama, anamtumia mwalimu picha ya kidole gumba, anarudi kwenye mpira wake. Vijana! Kidole gumba kisicho na masizi. Lakini simlaumu. Pamoja na mashaka yote ya vita yaliyotupata, kwetu huku na kwa ndugu zetu wa Beni, mtoto anasoma, nami namshukuru Mungu. Ukuta wetu ulianguka zamani, na aliyechora mistari amelala kaburini.

Macho yangu yamechoka, kwa hiyo Jumamosi Kavira hunisomea masomo ya Misa ya kesho. Juzi aliacha kusoma katikati, akanitazama mimi bibi yake.

"Koko, mbona unafunga macho? Uko nasali?"

"Hapana, mutoto wangu. Endelea. Niko nasikiliza kama ni ile ile."