Pampu Iliyojazwa Maji

Chuma cha ile pampu kilikuwa kinene kuliko kidole gumba changu, na kilipasuka kutoka mdomoni hadi miguuni bila mtu kukigonga. Kilichokipasua ni maji, tena maji kidogo, yasiyojaza sufuria ya wali wa watu sita. Kiasi chake nakijua kwa sababu yalitoka jikoni kwangu.

Asubuhi ile nilikuwa nachemsha maziwa ya kastadi ya watoto wa shule. Fundi aliingia na koti lake mwilini, kilemba kimelowa umande, akasimama kando ya jiko bila kuomba chai.

"Dada, njoo uone kitu."

Nikapunguza moto, nikamfuata hadi kibanda cha matofali nyuma ya jiko. Alikuwa amekwisha kufunua magunia. Ufa ulinyooka kama uliochorwa kwa rula, na barafu nyeupe ilichomoza ndani yake, imesimama ukingoni kama nta ya mshumaa.

"Hii nimefanya mimi," akasema.

Shule yenyewe ilikuwa Kingstanding, kaskazini mwa Birmingham, katikati ya nyumba za kupanga za halmashauri ya mji, zilizofanana hivi kwamba mwaka wangu wa kwanza niliwahi kubisha mlango usio wa mwenye nyumba wetu. Mimi na mume wangu tulitoka Mombasa. Yeye alikuwa anasoma uhasibu, mimi nikapata kazi ya kupika shuleni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, majira ya baridi ambayo umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho, na kila nyumba ilikuwa na mishumaa kabatini.

Shule ilikuwa na bwawa la kuogelea la nje, dogo, lililochimbwa kwa michango ya wazazi. Walikuwa wameuza keki na nguo kuukuu kwa miaka ili kulipata, na kununua pampu ndiko kulikowachosha kuliko yote. Mtoto wa mtaa ule alijifunza kuogelea pale au hakujifunza kabisa.

Aliyelitunza ni mzee mmoja Mwingereza, mtunza shule, mtu wa kifua kibovu aliyeniita "bab", kama wanavyomwita mwanamke yeyote huko, wamjue wasimjue. Alikuwa anakaribia kustaafu. Aliishi katika nyumba ya langoni, ambayo ilikwenda na kazi yake: vyumba vitatu vya kulala, bafu ndani, bustani mbele. Atakayerithi kazi angerithi na nyumba.

Msaidizi wake alikuwa fundi wetu, kalasinga wa Nakuru. Alikuja Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipoondoka kwa haraka. Alifanya kazi kwanza katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, kando ya tanuri, kisha akapata nafasi hii ya majaribio. Akithibitishwa mwisho wa mwaka wa shule, kazi ya mzee ingekuwa yake na nyumba ya langoni ingekuwa yake. Wakati huo yeye, mkewe, mama yake na mabinti zake watatu waliishi vyumba viwili vya ghorofani kwa shemeji yake, Balsall Heath. Mama yake alikuwa na magoti mabovu. Kushuka kwenda chooni uani lilikuwa jambo la kupangiwa wakati.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulijua, yeye na mimi na mzee, kwamba anafanya kazi ili aipate nyumba ile.

Tulizungumza Kiswahili, chake cha bara na changu cha pwani. Mimi nikisema maji yamo, yeye anasema maji iko, na kila mmoja akimhurumia mwenzake. "Nyinyi watu wa Mombasa," aliniambia mara moja, "mnaongea kama mnasoma magazeti." Nikamjibu kwamba wao wa Nakuru huongea kama wanaita ng'ombe. Akacheka mpaka akakohoa.

Baridi ilipokaribia, mzee alimfundisha kulilaza bwawa, yaani kulifunga kwa majira ya baridi. Niliwaona kupitia dirisha la kuoshea vyombo, na nilisikia mengi, maana mzee alipaza sauti kama mtu anayedhani mgeni ni kiziwi. Maji ya bwawa hayatolewi yote, kwa sababu ardhi iliyolowa inaweza kulisukuma bwawa tupu kutoka chini na kulivunja. Hupunguzwa mpaka chini ya midomo ya mabomba. Juu yake hutupwa matairi mabovu na magogo, ili barafu ikitanuka iyabane hayo na kuziacha kuta. Kisha mabomba yote hufunguliwa yamwage, chujio la mchanga likamuliwe, saa ya kupimia nguvu ya maji ifunguliwe na kuwekwa kabatini. Mota waliibeba wote wawili hadi chumba cha tanuri la kupashia shule moto. Mwisho, kizibo cha chini ya pampu kikatolewa, maji yakaisha, magunia yakafungwa, na katikati ya magunia mzee akaweka balbu ya umeme iwake usiku na mchana. Balbu hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe. Aliipenda kama mtu anavyopenda dawa ya nyumbani.

Fundi alifanya kila alichoambiwa, na vizuri. Mzee akaniambia mbele yake, "Huyu bwana anafunga gunia vizuri kuliko mama yangu alivyofunga mtoto."

Kesho yake fundi akaja jikoni na ndoo. Maji ya nje yalikuwa yamefungwa.

"Fundi, unaosha nini?"

"Naipa pampu kinywaji."

Akanieleza huku maji yakiingia ndooni. Kule Nakuru alikuwa akitunza bwawa la klabu moja ya Wazungu. Kiangazi maji yalikosekana, bwawa likakaa tupu kwa miezi, na pampu iliyoachwa kavu iliharibika: gasketi ya ngozi inayoziba maungio yake ilisinyaa na kupasuka, na siku ya kuiwasha ilivuja kila upande. Kwa hiyo kazi ya mwisho, ile anayoifanya fundi mwenyewe bila kumwachia kibarua, ni kurudisha kizibo, kuijaza pampu maji safi na kuipaka mafuta ya kupikia shingoni.

"Mzee amesahau hiyo," akasema. "Si neno. Nitafanya mimi."

Nikampa maji, na kijiko cha mafuta. Niliona ana akili. Kwetu mtungi mkavu hauaminiwi, na mtu huuacha na maji ndani hata akisafiri. Ya kwamba mabomba hupasuka kwa baridi tulijua sote. Kwa shemeji yake bomba la jikoni lilikuwa limepasuka majira ya baridi yaliyopita. Lakini bomba lilikuwa jembamba, na pampu ile ilikuwa chuma cha kusubu, kizito hata watu wawili wangepumzika njiani wakiibeba. Tena ilikuwa na taa. Mzee hakuwahi kumwambia asiijaze, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kumwona mtu anayetoa maji kwenye pampu kisha akayarudisha.

Majira yale yalianza kwa mvua, si kwa barafu. Kisha ikaja wiki ya baridi kavu ambayo maziwa yaliganda mlangoni na kuinua vifuniko vya chupa zake. Wiki hiyohiyo zamu ya kukatiwa umeme ikatuangukia sisi. Balbu ikazimika pamoja na kila kitu kingine Kingstanding. Ilipowaka tena, pampu ilikuwa imeshapasuka, ingawa hatukujua mpaka fundi alipofunua magunia.

Mwalimu mkuu alikuja kuitazama kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kugusa tai yake anapofikiri. Walisimama watatu nje ya kibanda, mita chache kutoka kwenye dirisha langu, nami nilikuwa nimelifungua ili mvuke utoke.

Mzee ndiye aliyeanza. "Umeme, bwana. Taa yangu ilizimika. Ingekuwa inawaka tusingekuwa hapa."

Mwalimu mkuu akagusa tai. Niliona uso wake ukilegea, kwa sababu umeme haukuwa kosa la mtu yeyote pale shuleni, na angeweza kwenda kuwaambia wazazi hivyo.

"Taa haikujaza maji," fundi akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mimi ndiye niliyejaza."

Ikabidi aeleze, na akaeleza yote, ngozi na kiangazi na klabu. Mwalimu mkuu alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za dini nyingine. Mzee alitazama chini.

"Ulitoa maji," akasema mwalimu mkuu, "halafu ukayarudisha?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hakuna aliyekuambia uyarudishe?"

"Hapana, bwana."

Mwalimu mkuu akasema ni mapema mno kuzungumzia kazi, lakini wazazi hawana uwezo wa pampu nyingine, na bwawa lisipofunguliwa majira ya joto kamati ya shule itauliza nani aachiwe funguo. Akaenda zake. Mzee alisubiri mpaka amefika mbali.

"Nilikufungulia mlango mkubwa kama wa zizi," akamwambia fundi. "Ukapita dirishani."

Baadaye, fundi alipokuja kwa chai, nilimwuliza kwa nini hakukubali ile habari ya umeme. Nilitaka kujua tu. Nilidhani atanijibu kwa maneno ya uaminifu.

"Barafu ikiyeyuka, dada, kila mtu ataona maji yanatoka kwa pampu ambayo mzee alisema iko kavu. Wataanza kumwuliza yeye. Bora wasikie kwangu leo." Akanywa. "Na nikisema ni umeme, si nitaijaza tena mwaka ujao?"

Aliomba ruhusa ya kuitengeneza mwenyewe, akapewa, labda kwa sababu hakukuwa na mpango mwingine. Jumamosi iliyofuata mimi na mume wangu tulikwenda Balsall Heath kununua unga na bizari, kama kawaida yetu, tukapita kwa shemeji yake. Uani walikuwa wamejenga jiko la matofali na kulijaza mkaa. Ganda la pampu lilikuwa juu yake. Kando alisimama rafiki yake wa Kisumu, mchomeleaji katika kiwanda cha magari ya mizigo huko Washwood Heath, na mitungi yake ya gesi.

Chuma cha namna ile, walinieleza, hakitaki haraka. Ukikichomelea kikiwa baridi, kinapasuka pembeni ya kiraka. Kwa hiyo walikipasha polepole tangu alfajiri, wakikigeuza, na kilipoanza kuwa chekundu rafiki yake akaujaza ufa kwa shaba, tone kwa tone. Kisha wakakifukia ndani ya pipa la majivu ya moto kipoe chenyewe hadi kesho yake.

Mama yake fundi alikuwa ameshushwa chini siku hiyo, ameketi karibu na moto na blanketi magotini.

"Umeona nchi hii?" akaniambia kwa Kiswahili cha Nakuru. "Inavunja mpaka chuma. Sisi ni nyama tu."

"Shikamoo, mama. Mbona naona umepona leo?"

"Moto huu. Mwambie avunje pampu kila wiki."

Mwanawe alisikia, akajifanya anatafuta koleo.

Mabinti zake walikuwa ngazini wakitazama. Mdogo alimwuliza baba yake kitu kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa Kipunjabi. Mkewe, aliyekuwa akinimiminia chai, akanitafsiria. Mtoto alitaka kujua kama chumba chake kwenye nyumba mpya kitakuwa na dirisha. Baba alimwambia asiitaje nyumba pampu ikiwa bado motoni.

Pampu ilirudishwa mahali pake likizo ya Pasaka ilipokuwa inaisha. Fundi aliijaribu mbele ya mwalimu mkuu na mzee, nami nikasimama mlangoni pa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi. Alitandika gazeti chini ya pampu ili tone lolote lionekane. Mota ikavuma, maji yakapita, mabomba yakatetemeka kidogo kisha yakatulia. Tulingoja. Mwalimu mkuu aliinama, akapitisha vidole kwenye kovu la shaba, akavitazama. Vilikuwa vikavu. Gazeti nalo lilikuwa kavu.

"Imeshika," akasema mzee.

"Imeshika leo," akasema mwalimu mkuu, bila ubaya. Akamwambia fundi kwamba kamati imekubali afungue bwawa, lakini kuhusu kazi na nyumba wataamua muhula ukikaribia kwisha, baada ya kuona kama kiraka kitavumilia. Fundi akamshukuru. Mwalimu mkuu alipoondoka, fundi alibaki akilitazama lile gazeti.

Bwawa lilifunguliwa. Watoto wa Kingstanding waliogelea wakitetemeka, midomo ya buluu, majira yote ya joto, na pampu haikuvuja tone. Mzee alistaafu, akahamia kwa dada yake. Mpaka mwisho yeye na fundi walibishana kama taa ingeiokoa pampu iliyojaa maji, na hakuna aliyeweza kulijaribu hilo.

Mume wangu alimaliza mitihani, tukakata tiketi za kurudi nyumbani. Siku yangu ya mwisho kazini kamati ilikuwa haijakutana bado. Fundi alikuwa bwawani akichota majani kwa wavu, na mfukoni mwake alikuwa na funguo za kibanda tu. Nilimuaga, nikatokea langoni. Dirisha la juu la ile nyumba ya mtunza shule lilikuwa wazi, na ndani mtu alikuwa akikwangua rangi ya ukutani. Nilisimama kidogo. Sikumwona ni nani, wala sikujua anamtayarishia nani.