Kompyuta Iliyofanya Kazi Siku ya Sabato

Ashukuriwe Mungu aliyenipa mvi na bado akanipa aibu ya kunishusha, nami naisimulia mwenyewe, maana nikimwachia Mama Achieng ataiongezea chumvi.

Miaka ile ya tisini, ofisi yetu ya kanisa Homa Bay ilikuwa na kompyuta nne zikigawana laini moja ya simu, na mimi, mwenyekiti wa kamati, nikamwamuru fundi Okoth aweke kanuni: atakayevuta vitu vingi mtandaoni, mashine kuu impunguzie mwendo yenyewe wiki nzima, bila kuuliza ni nani. (Nilimlenga Mama Achieng, karani wetu, aliyependa kusoma magazeti humo.) Hata nilihubiri juu ya ulafi.

Ijumaa moja nikaanza kuvuta nyimbo za kwaya ya ng'ambo, nikanogewa, mara jua likazama na Sabato ikaingia. Kuigusa mashine, hata kuizima tu, niliona ni kazi, basi nikaiacha ikivuta, nikaenda kuabudu kwa moyo mweupe.

Jumatatu nilitakiwa kuwatumia madaktari wa macho wa ng'ambo barua na picha za macho ya wazee wetu wa Sori. Wasipozipata kufikia saa sita mchana, wangechagua wagonjwa wa kwingine wa kupasuliwa. Saa nne barua haijaenda, saa tano haijaenda. Nikasimama mbele ya kamati nzima.

"Kuna mlafi humu amemaliza laini yetu. Okoth, mtaje."

"Mwenyekiti, tuongee kando."

"Mtaje hapa hapa."

Okoth akakohoa. "Ni mashine ya kona, mzee. Yako. Imevuta tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili."

Mama Achieng akasema kwa upole, "Kwa hivyo Sabato sisi tulipumzika, jaduong', mzee wetu, yako ikaenda shamba."

Nikamwomba Okoth aiondolee mashine yangu adhabu. "Kuibadilisha kanuni ni kazi ya siku nzima, mzee. Ulisema isimhurumie mtu, hata mkubwa."

Ikabidi nimwombe Mama Achieng kiti mbele ya kompyuta yake. Akafunga gazeti lake taratibu (taratibu mno), akanipisha, na barua ikaenda saa sita kasorobo.

Wazee wa Sori walipasuliwa, wakaona. Mmoja alipofunguliwa bandeji alinitazama sana, akauliza, "Ndiye huyu wa kompyuta?"

Tangu hapo naizima Ijumaa mchana, na sihubiri ulafi kabla ya kutazama sahani yangu. Nawe unayesoma, Mungu akujalie macho mazima, na yaanze kukuona wewe mwenyewe.