Mzee Ferdinand, Mgonjwa wa Kulipwa

Kwa miaka ishirini na miwili Ferdinand Rwegasira alikuwa tabibu wa zahanati huko Karagwe, na katika miaka yote hiyo hakuna alichokichukia kama mgonjwa mwongo. Mtu anakuja na jeraha la panga, anasema amejikwaa. Mwingine amekunywa dawa ya mitishamba chupa nzima, ukimuuliza anakuapia kwamba tangu asubuhi amepata uji tu. Ferdinand alikuwa anavua miwani, anamtazama huyo mtu kimya, kisha anamwambia kwamba aibu akaionee nyumbani kwake, hapa aseme alichokunywa. Wengi walisema.

Kisha mkewe Euphrasia akashinda bahati nasibu ya viza, wakahamia Alexandria, Virginia, ghorofa ya tano. Vyeti vya Ferdinand vilisomwa kwa heshima na kurudishwa kwa heshima. Akapata kazi ya kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Halafu, mwaka 1997, mwenzake wa hotelini akamwambia kwamba chuo kimoja cha udaktari mjini Washington kinatafuta watu wa kuumwa.

Ndivyo alivyoambiwa: watu wa kuumwa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walijifunza tiba ya dharura kwanza kwa watu wenye afya zao, wanaolipwa kulala kitandani, kuvaa gauni lililo wazi mgongoni na kuumwa kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Mwanafunzi akitoka, mgonjwa anaamka, anavaa miwani na kujaza fomu: alinawa mikono? Alijitambulisha? Aliuliza hiki na kile? Hivyo mtu ambaye Marekani haikumruhusu kumpima presha hata jirani yake akawa anawasahihisha madaktari wa kesho, kila Jumatano asubuhi, bila suruali.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakujua kuumwa. Mwanafunzi akiingia na kumuuliza hali, Ferdinand, ambaye kwa mujibu wa karatasi moyo wake ulikuwa mbioni kusimama, alijibu kwamba hajambo, anashukuru, na wewe je. Kwao salamu hujibiwa kwanza, ugonjwa unasubiri zamu yake. Kuguna aliguna, lakini kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Dokta Nandi, Mmarekani mweusi aliyesimamia mafunzo hayo na aliyejifunza Kiswahili chuoni miaka ya sabini, alikuwa akimvuta pembeni mara kwa mara.

"Mzee Ferdinand," alimwambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama kimepigwa pasi, "maumivu yako hayasadikiki hata kidogo."

Na hapo ndipo penye kichekesho, ingawa mwenyewe hakukiona. Maumivu ya kweli alikuwa nayo. Tangu Krismasi kifua kilikuwa kinambana kila akipanda ngazi, kinamshika kama dakika tano, kinaachia. Mgonjwa mwingine yeyote angempeleka hospitali kwa kumsukuma. Kwa upande wake mwenyewe aliamua kuwa ni gesi, na Euphrasia hakuambiwa.

Mwezi wa nne mwaka 1999 ikaja karatasi mpya. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, kifua kinamuuma, na jana yake ametumia kile kidonge cha bluu cha wanaume, kilichoingia madukani mwaka uliotangulia na kuzungumzwa kwenye kila televisheni. Fundisho lilikuwa hapo. Kidonge hicho kikikutana na kile cha moyo, cha kuweka chini ya ulimi, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mwanafunzi lazima aulize kabla hajatoa dawa. Asipouliza, ameanguka mtihani.

Ferdinand alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania waliosali misa ya Kiswahili katika kitongoji cha Wheaton, ng'ambo ya Washington, mara moja kwa mwezi. Alisoma karatasi ile mara mbili. Lakini kazi ni kazi, na katika wiki tatu alikuwa ameungama kidonge hicho mbele ya vijana kumi na wanne wa Kizungu bila kupepesa jicho. Kwa Kiingereza, na mbele ya watu wasiojua hata Karagwe iko upande gani, haikumgusa.

Jumapili kabla ya mtihani wa mwisho simu ikalia. Alikuwa Flaviana, karani wa ubalozi, jirani yao katika jumuiya, ambaye binti yake Irene alisoma katika chuo kile kile.

"Shikamoo baba mwenyekiti. Ni huu mtihani wa emergency wa Irene. Ame-fail mara ya kwanza, unajua. Aki-fail tena Jumatano ana-repeat mwaka mzima. Sasa nasikia ni wewe ndiye utakayekuwa pale kitandani."

"Marahaba. Ni mimi. Nilimwambia Dokta Nandi kwamba ni mtoto wetu, akasema daktari wa dharura hachagui mgonjwa, hata akiletewa shangazi yake."

"Basi baba, nidokezee kidogo tu. Unaumwa nini?"

Ferdinand alijinyoosha kwenye kochi, na sauti yake ya zahanati ikarudi.

"Flaviana, hilo sifanyi. Ila hili nakuahidi: Irene akiuliza, nitamjibu ukweli mtupu. Mimi kudanganya daktari siwezi, hao watu nimehangaika nao miaka ishirini na miwili."

Flaviana alishukuru kwa sauti ya mtu asiyepewa kitu, na Ferdinand alilala akijiona mwadilifu.

Jumatano Irene aliingia chumbani na koti jeupe lililokunjamana mgongoni. Alimkuta mwenyekiti amelala, magoti nje, na pembeni muuguzi wa mafunzo ameketi karibu na mashine ya presha, ambayo namba zake alizibadilisha yeye mwenyewe kwa kufuata karatasi yake. Dokta Nandi alikuwa chumba cha mbali akitazama vitanda vinne kwenye televisheni zisizo na sauti. Irene alikizoea Kiswahili masikioni tu. Mama yake akimsemesha alijibu kwa Kiingereza tangu darasa la pili. Lakini shikamoo ilimtoka yenyewe, na marahaba nayo ikamtoka Ferdinand, na muuguzi akaandika kitu.

Alifanya vizuri. Alinawa, aliuliza maumivu yameanza lini, yanaelekea wapi, alimpa aspirini na oksijeni, alisoma kipimo cha moyo bila kutetemeka. Ferdinand alianza kumwona kama binti yake mwenyewe. Akauliza dawa anazotumia. Akauliza sigara, akauliza pombe, ya pombe akaiuliza akitazama dirisha. Likabaki swali moja.

Ferdinand alijua kinachokuja. Aliona mtoto huyu, ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono siku ya mahafali ya digrii yake ya kwanza, akikunja na kukunjua ncha ya koti lake. Irene alimtupia jicho muuguzi, akainama karibu, na ili mgeni asisikie aibu ya mzee wao, akashusha sauti na kuhamia Kiswahili.

"Mzee, samahani sana. Mimi lazima nauliza. Ile dawa ya wababa... ya bluu. Wewe umekunywa? Jana, ama leo?"

Kwa Kizungu angejibu. Ametoka kujibu mara kumi na nne. Lakini swali lilipofika kwa lugha ya nyumbani, likitoka kwa mtoto wa Flaviana, na yeye hana suruali, karatasi yote iliyeyuka kichwani. Aliyebaki pale kitandani alikuwa mwenyekiti wa jumuiya.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mambo hayo mimi siyajui."

Irene alishusha pumzi kwa shukrani kubwa. Akageuka, akaagiza kidonge cha chini ya ulimi. Muuguzi, ambaye hakuelewa neno lililosemwa, alifuata karatasi yake: dawa ikitolewa, presha ishuke. Mashine ikaanza kulia. Mia na hamsini ikawa tisini, tisini ikawa sitini. Irene aliitazama namba, akamtazama mzee, na Ferdinand akatazama dari.

Irene alielewa. Alikilaza kichwa cha kitanda, akainua miguu ya mwenyekiti juu ya mito miwili, gauni likaenda linakotaka, akaagiza maji ya dripu yafunguliwe yote na dawa ile isirudiwe. Presha ilikuwa imeanza kupanda kengele ilipolia. Irene aliaga kwa adabu, akatoka akifuta macho kwa mkono wa koti.

Ferdinand alibaki na fomu. Swali la kumi na tisa: mwanafunzi aliuliza kuhusu kidonge? Akiandika hapana, binti ameanguka. Akiandika ndiyo, ni mbaya zaidi, maana ameuliza, amejibiwa, kisha akampa mgonjwa sumu kwa makusudi. Kungoja Irene ajitetee ni kujidanganya. Mtoto aliyelelewa na Flaviana atarudia mwaka, atarudia hata miwili, kabla hajasimama mbele ya watu kusema kwamba mzee Ferdinand ni mwongo. Aibu ilimuuma kuliko kifua. Halafu akavaa suruali na kwenda kumtafuta Dokta Nandi.

"Aliniuliza," alisema. "Nikamdanganya."

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Ni mtoto wa Flaviana."

Alitegemea kufukuzwa. Dokta Nandi aliweka kikombe cha kahawa mezani, akamwangalia kwa furaha ambayo hakuwahi kumwonyesha kwa miaka miwili.

"Mzee Ferdinand, wagonjwa wangu wote wa kweli, wale wa Jumamosi usiku hospitalini, ni kama wewe. Msichana ameuliza, amedanganywa, ameng'amua na amemwokoa mtu. Amefaulu. Na kuanzia wiki ijayo wagonjwa wote wa kuigiza watajibu hapana kwanza. Utawafundisha wewe."

Miaka miwili alikuwa anaambiwa haigizi vizuri. Siku aliyosahau kuigiza ndiyo siku aliyopandishwa cheo.

Mwisho wa mwezi ikafika misa ya Wheaton. Flaviana, kwa wema wake, alikuwa ameshamsimulia kila mtu jinsi mwenyekiti alivyokubali kuaibika ili amwokoe Irene, na kwa kadiri habari ilivyopita simu hadi simu, karatasi ilidondoka njiani, kikabaki kidonge. Kabla ya kutoka nyumbani Euphrasia alimtazama mumewe kwenye kioo akifunga tai.

"Hicho kidonge," alisema, "mbona kazi yake mimi sijaiona?"

Kisha akatangulia kwa gari la rafiki, na sufuria la pilau mapajani. Ferdinand alifuata kwa treni. Kituo cha Wheaton kiko chini kabisa ardhini, na siku hiyo ngazi za umeme zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Alipanda zote kwa miguu. Alipofika kanisani alikuwa amelowa jasho, akaketi kwenye ukuta mfupi nje, mkono mmoja kifuani, kana kwamba anaangalia magari. Wanaume wawili wa jumuiya walikuwa wanamngoja hapo. Walimsalimu, wakazunguka zunguka, hatimaye mmoja akauliza kwa sauti ya chini kile kitu kinapatikana duka gani. Aliwajibu kwa mkono waende zao. Pumzi ilikuwa bado haijamrudia.

Irene alikuwa anashuka ngazi za kanisa na sahani za karatasi. Alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Kifua kinauma?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Mimi mzima, nashukuru. Na wewe je?"

Wengi wangeridhika. Irene aliweka sahani ukutani, akakaa karibu yake, akashika kifundo cha mkono wake na kutazama saa. Hakuharakisha. Ndani kwaya ilianza wimbo wa mwanzo, nao hawakuinuka. Ferdinand aliyafahamu macho hayo. Ni yeye aliyekuwa akiyatumia Karagwe, miwani ikiwa mkononi.

"Mzee," alisema Irene, "tangu lini?"

Ferdinand alitazama mlango wa kanisa, mahali Euphrasia alipoingilia na pilau yake.

"Tangu Krismasi," akasema.