Florini na Hewa ya Koboko

Siku ya kwanza kazini, katika maabara moja ya Arua, Uganda, nilipewa koti jeupe lililonipwaya na amri moja: usiguse kioo kwa kidole, jasho huharibu kila kitu. Kazi yetu ilikuwa semikondakta za kaboni, yaani kemikali zinazopitisha umeme, si vizuri kama waya wala vibaya kama ubao. Tulizipaka juu ya kioo kama utando mwembamba, kisha tukapima mkondo.

Vijana hudhani molekuli ni molekuli tu. Wapi! Kwenye pete ya kaboni unaning'iniza vikundi vya pembeni, navyo ndivyo huamua tabia. Kimoja hutoa elektroni, kingine huzivuta. Molekuli zetu zilipaswa kubeba elektroni, lakini oksijeni ya hewani ilizipora. Ndani ya sanduku lililojazwa naitrojeni, lisilo na oksijeni, mkondo ulikuwa mzuri; nje, ulikufa.

Miaka mingi baadaye Mkuu wa Maabara, mtu wa Manibe asiyependa maneno mengi, alinihamishia kituo kidogo cha Koboko, njia ya Midia.

"Hapa tunadanganyana na sanduku," alisema. "Enda pima kwa hewa ya kweli. Mvua ikiisha na hakuna utando iko hai, kituo tunafunga. Na kazi yako pia."

Nilikuwa mjane, na watoto wangu wa mwisho walikuwa bado shuleni. Niliogopa sana, sifichi.

Utando wa kwanza ulikufa, na wa pili ukaufuata. Nikampigia simu.

"Mukubwa, imekufa."

"Hata ile ya pili?"

"Hata hiyo."

"Basi tunaweka florini. Ile iko na uchoyo."

Uchoyo hasa. Florini, ikiwa kikundi cha pembeni, huvuta elektroni na kuzituliza kwenye ngazi ya chini ya nishati, mahali ambapo oksijeni haizifikii kwa urahisi. Utando mpya ukaletwa kutoka Arua. Mvua ilipiga mpaka chumvi ikayeyuka mkebeni, nami kila asubuhi nilipima, roho ikiwa juu. Mkondo ulikuwa mdogo, lakini haukushuka.

Mvua zilipokatika, Mkuu alikuja mwenyewe akatazama mita.

"Mama, hii iko hai. Kituo inabaki."

Nilipiga vigelegele kama niko harusini. Akangoja nimalize.

"Lakini mama, umri yako ya kustaafu imefika. Tunaleta mutu mwingine."

Husemwa mvumilivu hula mbivu. Zangu anazila binti mmoja wa Pajulu aliyechukua nafasi yangu, na kusema kweli, anapima vizuri. Nilipigania kituo kisifungwe, na hakikufungwa. Kumbe nilikuwa nampigania yeye. Iliniuma sana, na mvua zikianza bado huniuma.