Filomena Aliyeingia Alipolala Kaka Yake

Mama mdogo wangu Filomena ana mikono mikubwa kama makasia, na kanisani huificha ndani ya mikunjo ya gauni lake. Mikono hiyo imewapokea watoto wote wa kijiji chetu cha Vatukai, na wengi wa ng'ambo ya mto, kwa miaka ishirini na mbili. Mimi haikunipokea, kwa kuwa nilizaliwa kabla hajarudi kutoka misheni, na hilo hajanisamehe. "Ungesubiri kidogo tu, mwalimu," huniambia mbele ya wanafunzi wangu. "Tazama sasa kitovu chako kilivyokaa upande."

Misheni alikwenda akiwa na miaka kumi na saba, akitaka kuwa mtawa. Masista wakamweka wodini afue mashuka. Akafua, akatazama, akauliza, hata sista mmoja akachoka kuulizwa, akamfundisha kupima joto, kusafisha vidonda na kuhesabu pumzi. Mwaka wa tatu ikamfikia habari kwamba mama yake, yaani bibi yangu, ana homa. Alitembea pwani kwa pwani siku mbili. Alipofika alimkuta bibi amefunikwa mablanketi manne, moto unawaka pembeni, madirisha yamezibwa kwa mikeka, na ndani watu wamejaa wanalia. Bibi alikata roho mchana ule ule. Filomena hakurudi tena kutafuta utawa. Aliomba sanduku la dawa, akapewa, akaliweka jikoni kwake. Tangu hapo, ukimfunika mgonjwa wa homa blanketi pale Vatukai, utamsikia anakuja kabla hujamwona.

Nitakayoyasimulia yalitokea mwaka juzi, mwezi wa pili. Huku kusini mwa kisiwa cha Guadalcanal mvua ni jambo la kawaida, lakini ile ilinyesha siku tisa bila kupumua. Mto Valesi ulifurika ukawa na rangi ya ukoko wa chungu, ukibeba miti mizima yenye mizizi yake. Zahanati iko ng'ambo, kijiji cha Talihau. Baharini nako mawimbi yalikuwa yanavunjikia ufukweni kama nyumba zinazoanguka, hakuna mtumbwi wa injini ambao ungethubutu kutoka.

Siku ya saba ya mvua, Mjomba Dismas alirudi kutoka shamba la magimbi akitetemeka. Dismas ni kaka wa pekee wa Filomena. Ni mtu wa kukamata nguruwe mwitu kwa mikono, akikohoa kijiji kinageuka. Jioni ile hakula. Kesho yake asubuhi mkewe Lutisia, mwenye mimba ya miezi minane, alikuja mbio jikoni kwa Filomena, maji yakimchuruzika usoni.

"Wifi, mumeo kaungua!" Ndivyo wanavyotaniana mawifi hao, Lutisia kumwita Dismas mume wa Filomena, hata siku hiyo ulimi ulienda wenyewe. "Nimemgusa nikadhani nimegusa sufuria."

Filomena alichukua sanduku akaenda. Lakini hakuingia. Kwetu, kaka na dada wakishakua, dada hakanyagi anapolala kaka yake, hagusi mkeka wake, hapiti karibu na kichwa chake. Wakizungumza, kila mmoja hutazama upande wake, na jambo zito hupitia kwa mke. Anayeivunja heshima hiyo amemvua kaka yake nguo mbele za watu. Basi Filomena akavuta kigogo, akaketi nje, mgongo kwenye ukuta wa makuti ya msago, mvua ikimpiga magotini, akaanza kumtibu kaka yake kupitia ukutani.

"Wifi, kipimajoto weka kwapani, ubane mkono. Usikitoe mpaka kilie."

Kikalia.

"Kinasemaje?"

"Arobaini na moja, nukta tatu."

"Soma tena."

"Mimi nilifika darasa la sita, wifi. Arobaini na moja naijua."

Mimi nilikuwa nimesimama barazani, nikamwona Filomena anaitazama mikono yake. Kisha akapitisha dirishani kijisindano na kipimo cha damu. Lutisia akamchoma mumewe kidoleni, akarudisha kipimo. Mistari miwili ikatokea, myekundu na wazi kabisa. Malaria. Akatoa dawa mseto, Dismas akameza, akatapika. Akapewa nyingine baada ya muda, akatapika nayo. Mara ya tatu hakuweza hata kumeza. Alikuwa anazungumza na bibi yangu aliyekufa, anamwomba radhi kuhusu mtumbwi fulani ambao hakuna aliyeujua.

Bibi Perpetua, mkongwe wetu wa ukoo, alikuwa amekaa mlangoni na blanketi mapajani. "Hii siyo homa," akasema. "Ni wafu wamemjia. Na mtu anatetemeka hivi mnamwacha uchi!"

"Inawezekana ni wafu, bibi," Filomena akajibu kwa upole. "Basi tugawane kazi. Wewe ongea nao, mimi nishughulike na joto. Lakini hilo blanketi ulikalie wewe."

Bibi Perpetua akalikalia. Akaanza kweli kuongea na wafu, kwa sauti ya mtu anayegombeza watoto.

Filomena akanigeukia. "Mwalimu, huyu hatameza kitu. Anataka sindano, na sindano iko ng'ambo. Nenda mtoni na wanaume wote. Mwambieni nesi aje."

"Atatusikia vipi, Mama Mdogo? Mto unanguruma kuliko ndege."

"Wewe kazi yako nini? Huna ubao?"

Tulikwenda darasani tukaung'oa ubao ukutani, wanaume wanne wakaubeba vichwani, mwingine akaufunika kwa jani la mgomba ili chaki isilowe. Pale kwa Dismas wakabaki Filomena nje ya ukuta, Lutisia ndani, Bibi Perpetua mlangoni, na watoto wadogo.

Yaliyofuata pale nyumbani nilisimuliwa na Lutisia, na hajawahi kuyabadilisha hata neno.

Anasema Filomena aliendelea kumwelekeza: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, siyo ya baridi, shingoni, kwapani, kwenye mapaja, pepea, chovya tena. Kila robo saa pima. Joto likashuka kidogo, likapanda. Lutisia mgongo ukawa unakatika. Mara Dismas akakaza taya, macho yakageuka juu, mwili wote ukajikunja ukaanza kurukaruka kwenye mkeka. Degedege, lakini la mtu mzima mwenye kifua cha ng'ombe. Mguu wake ukampiga Lutisia begani akaangukia ukutani. Bibi Perpetua akapiga kelele, "Kijiko! Mtieni kijiko mdomoni!"

"Wifi!" Lutisia akalia. "Wifi, simuwezi!"

Anasema nje alisikia mvua tu. Kisha mlango ukaingia giza, kwa sababu Filomena alikuwa amesimama pale na aliujaza.

"Dismas," akasema, akimtaja kaka yake jina, jambo ambalo hakulifanya tangu wakiwa watoto. "Mimi dada yako naingia. Utakapopona utanihukumu."

Akaingia. Alipita moja kwa moja kichwani kwake. Aliupokonya mkono wa Bibi Perpetua kijiko akakitupa nje dirishani. Hakumkandamiza Dismas, aliondoa jiwe la jikoni lililokuwa karibu, akaweka nguo laini chini ya kichwa, na mtikisiko ulipolegea akamgeuza ubavu kwa mikono ile, kama anavyogeuza mtumbwi, ili mate na matapishi yatoke. Kisha akalowesha sukari kwa maji kidogo kwenye kiganja, ikawa kama uji mzito, akampaka chini ya ulimi kwa kidole. Halafu akachukua kitambaa akaanza kumfuta mwili mzima, kaka yake, kifuani, tumboni, mapajani, machozi yakimtoka bila sauti. Lutisia anasema aliogopa kuangalia. Anasema nyumba ilikuwa kama kanisa wakati kengele imelia na hakuna anayekohoa.

Sisi wakati huo tulikuwa mtoni. Tulisimamisha ubao chini ya majani ya mgomba, nikaandika kwa herufi za urefu wa mkono: HOMA 41.3. ANATAPIKA. SINDANO. Sosimo, ndugu yake Dismas wa upande wa baba, akapuliza kombe la baharini kama baragumu. Ng'ambo watu wakatoka. Nikamwona nesi Maefiti na shati lake jeupe. Alisoma, akakimbia, akarudi na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: MLETENI.

Nikafuta, nikaandika: HAWEZI. NJOO WEWE.

Nesi Maefiti ni Mmalaita, mtu wa kisiwa kingine, tena wa milimani, na kila mtu anajua kwamba hajui kuogelea. Aliutazama mto. Kisha akaandika: NITAKUFA.

"Mwandikie kwamba hatakufa peke yake," Sosimo akasema. Hakungoja niandike. Alikuwa ameshavua shati.

Hapo lazima niseme kwamba Vatukai na Talihau tulikuwa hatusalimiani. Mwaka wa tatu ulikuwa unaingia, ni ugomvi wa mpaka wa minazi, na kijana mmoja wao alikuwa amepasuliwa kichwa na kijana wetu. Hata Pasaka walisali kwao, nasi kwetu. Kwa hiyo tulipoanza kushuka majini, hatukuwa na matumaini kwamba kuna mtu wa kutupokea.

Njia ya kuvuka mto wetu ukifurika ni moja. Wenye miili mikubwa wanasimama upande wa juu, bega kwa bega, wakishikilia mianzi mirefu, maji yanavunjikia vifuani mwao. Nyuma yao maji yanapungua nguvu, na hapo ndipo anapopita anayevushwa. Tulikuwa wanaume ishirini na sita. Tulifika robo ya mto tukaisha. Hatukutosha. Maji yalinifika kifuani na mawe yalikuwa yanatembea chini ya nyayo zangu, niliyasikia yanagongana.

Sosimo akapiga kelele kuelekea ng'ambo, mishipa ya shingo imemtoka. Sidhani kama walisikia neno hata moja. Lakini nilimwona mtu mmoja wa Talihau anaingia majini. Nilimtambua. Ndiye baba wa yule kijana aliyepasuliwa kichwa. Nyuma yake akaingia mwingine, na wengine, kisha wanawake, wanawake wenye nguvu wa bustanini, sketi zimefungwa kiunoni. Nadhani kila mmoja wao alikuwa na mtoto aliyepita mikononi mwa Filomena, au aliwahi kuamka na kumkuta kando ya mkeka wake. Sikuhesabu. Mstari wao ulikuja ukiyumba, ukakatika, ukaungana, mpaka baba yule akanyoosha mwanzi wake na Sosimo akaushika.

Nimesali katika makanisa mengi. Sijawahi kusikia kilichonipata kifuani wakati ule, nikiwa nimesimama katika mstari mmoja na watu nisiosalimiana nao, na mto mzima unatupiga na haupiti.

Nesi Maefiti alibebwa mabegani, sanduku la dawa limefungwa kichwani kwa kanga. Macho alikuwa ameyafumba.

"Fumbua, nesi!" mmoja akamtania. "Utapita kwenu Malaita bila kuona!"

"Nikifumbua nitatapika juu ya kichwa chako," akajibu.

Alipoingia nyumbani kwa Dismas alimkuta Filomena amepiga magoti, kitambaa mkononi. Hakuuliza chochote kuhusu mila. Alipima: arobaini, nukta mbili. Akatafuta mshipa, akachoma sindano ya kwanza. Akamwangalia mgonjwa macho, shingo, pumzi, kisha akamtazama Filomena.

"Hiyo sukari umeiweka saa ngapi?"

"Baada ya degedege tu."

"Mama," nesi akasema, "kama si hiyo na haya maji yako, mimi ningevuka kuja kuzika."

Alikaa kwetu siku mbili, kwa sababu sindano inarudiwa, na kwa sababu hakutaka kuuona mto. Watu wa Talihau waliovuka naye walilala shuleni kwangu. Tuliwachomea magimbi, tukawapa tambuu, na hakuna aliyetaja minazi. Siku ya pili mchana Dismas alifumbua macho, akauliza kama kuna chakula.

Alipopata nguvu ya kukaa, Filomena aliacha kuingia. Alirudi kwenye kigogo chake nje.

Wiki tatu baadaye alileta nguruwe wake wa pekee, jike mnene, amefungwa miguu, akamlaza mbele ya nyumba ya kaka yake. Watu walikusanyika. Dismas alitoka, amekonda, amesimama kwa fimbo, akatazama minazi kama mila inavyotaka. Filomena akatazama ardhi.

"Nimekukosea," akasema. "Nimepita kichwani kwako, nimekutaja jina, nimekugusa. Nguruwe huyu ni wa kufuta aibu yako."

Dismas akamwambia Lutisia, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwambie wifi yako kwamba nguruwe nimempokea, kwa sababu mila ni mila. Mwambie tutamla leo, na watu wa Talihau waitwe. Na mwambie..." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Mwambie nilimsikia. Nilikuwa mbali sana, sikumsikia mke wangu, sikumsikia hata marehemu mama. Mtu akaniita jina nikageuka."

Lutisia alifungua mdomo ayafikishe maneno hayo kwa wifi yake aliyesimama hatua nne tu kutoka hapo, kama inavyopasa. Hakuweza. Bibi Perpetua ndiye aliyeyafikisha, neno kwa neno, mkono wake ukiwa juu ya bega la Filomena, na sisi wengine wote tukiwa tumeinamisha vichwa.