Mkono wa Kula

Yule mwalimu wa ngoma aliyeletwa kutoka pwani kutunoa sisi wa kikundi cha Mwanjelwa alikuwa na mabega mapana na masikio mabovu. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya Iringa, na mimi nilipiga chapuo, ile ngoma ndogo inayokimbia mbele ya nyingine zote. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Chapuo haipigwi kwa bega. Unashika kijiti kwa kidole gumba na cha shahada, vingine umevilegeza, unakiacha kidunde chenyewe juu ya ngozi. Mikono inapokezana, kulia, kushoto, bila mmoja kuungoja mwingine. Unaanza polepole, karibu usinzie. Kasi inakuja yenyewe. Mwalimu yeye alikung'uta kama anayepukuchua mahindi kwa rungu, jasho likimtiririka, akauita huo ufundi.

Siku moja mazoezini akaamuru, "Pigo zito, mkono wa kula!" Kwao pwani ndio mkono wa kulia. Kwetu tuliojifunza Kiswahili baada ya Kisafwa, kula ni kula tu. Mimi ni mashoto, ugali naumega kwa kushoto, na mama alishachoka kunichapa. Nikapiga kwa kushoto.

"Wa kula, nimesema!"

"Si ndiyo huu, mwalimu? Mimi nakulaga na huu huu."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema ngoma haipigwi kwa mkono wa chooni, akaninyang'anya chapuo, na kutangaza kwamba Iringa ataipiga mwenyewe. Mimi nikapewa manyanga ya kutikisa. Niliumia, na nilimdharau kwa moyo wangu wote.

Iringa alianza kwa mbwembwe. Mkono wa kulia ulifanya kazi yote, wa kushoto ukausindikiza kama mgeni asiyejua njia. Wachezaji wetu, akina mama, walipoongeza kasi, bega lake likakakamaa. Mapigo yakachelewa, akina mama wakaanza kukanyagana mbele ya waamuzi. Kiongozi wa wachezaji akageuka na kumkazia macho mwalimu.

Mwalimu akanisukumia chapuo kwa goti.

"Piga, bwana, piga!"

"Kwa mkono upi, mwalimu?"

"Wowote!"

Katika muda wote aliokaa nasi, hilo ndilo somo pekee la maana alilonifundisha.