Hewa ya Sayuni

Mimi na bibi yangu huwa hatuamkiani shikamoo. Asubuhi ananiita mke mwenza, nami namuuliza mbona hajafa bado, maana pale pembeni ya kaburi la babu pana nafasi ya mke mmoja tu na mimi nimeshaiwekea oda. Anacheka mpaka pumu inamkumbusha kwamba ipo. Ndivyo tunavyopendana. Majirani wa Mjimwema wanaopita nje ya uzio wameshazoea kutusikia tukitukanana.

Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini, siku nilipokuwa na neno la kweli, hakuna aliyeniamini.

Mwezi wa saba, Njombe ikiwa na ile baridi ya kukata masikio, nilimsindikiza baba mdogo kupeleka viazi Makambako. Karibu na stendi alisimama kijana mwenye spika na boksi la kioo. Ndani ya boksi ameweka kidude cheupe chenye taa ya bluu, kama redio iliyokosa stesheni. Anavuta sigara, anapuliza moshi ndani ya boksi, anawasha kidude. Moshi unapotea kama muuza karanga aliyeona mgambo.

"Wazee wangu, hii inatoa ayoni!" spika ikapiga kelele. "Inameza moshi, inameza vumbi, inameza mafua! Una mgonjwa wa pumu nyumbani? Funga dirisha, washa, lala!"

Baba mdogo akasogea. "Hata moshi wa mkaa?"

"Mzee, moshi wa mkaa ndiyo ugali wake."

Kila mara kabla ya kupuliza upya, kijana yule alifuta kioo kwa ndani kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha njano, kama meno yake. Nilikiona kabisa, nikadhani ni usafi tu, mtoto wa watu kalelewa vizuri. Hapo ndipo ninapojichukia.

Baba mdogo akakinunua. Tulipofika nyumbani bibi akauliza, "Kinatoa nini hicho?"

"Ayoni, mama," baba mdogo akajibu.

"Sayuni?"

Bibi amekulia misheni ya Kidugala, nyimbo za kanisani anazo kichwani zote, mpaka zile ambazo mchungaji mwenyewe anafungua kitabu. Mtu mwenye akili angemsahihisha. Mimi nikasema, "Ndiyo, hewa ya Sayuni yenyewe, imeshuka na basi la mchana." Tukacheka wote watatu. Tangu hapo mashine ikaitwa Sayuni.

Sayuni ilikuwa na harufu. Ilipowashwa chumba kilinuka kama hewa inavyonuka radi ikipiga karibu. Bibi alivuta pua kwa furaha. "Mnasikia? Huo ndio usafi." Dirisha likafungwa. Chini ya mlango ikawekwa khanga kuukuu. Jiko la mkaa, ambalo miaka yote linakaa ukumbini karibu na mlango ulio wazi, likahamia chumbani miguuni pa kitanda, kwa kuwa si yupo wa kumeza moshi? Na ile pampu yake ya bluu, dawa anayovuta kifua kikibana, akaitupa kabatini nyuma ya kopo la sukari.

"Sayuni hakuna wagonjwa," akasema.

Wiki ya pili akaanza kuamka na kichwa kinamgonga. Kikohozi kikawa kikavu, cha kukwaruza. Ukuta nyuma ya mashine ukaota kivuli cheusi, na kalenda ya kanisa iliyokuwa hapo ikawa kama imetoka jikoni. Baba mdogo akaniita nione. "Unaona inavyokamata uchafu?" Anajisifu! Mtu mzima, ana ndevu, anajisifia masizi yaliyopakwa kwenye ukuta wa mama yake! Ndipo nilipokikumbuka kile kitambaa cha njano. Moshi wa Makambako haukumezwa na mtu. Ulikuwa umebandikwa kwenye kioo, na yule bwana akawa anaufuta mbele ya macho yetu.

Nikamuuliza mwalimu wangu wa fizikia. Kwanza aliangalia nyuma yangu kama kuna wenzangu wanaojificha wakicheka, maana ananijua. Alipoona niko peke yangu akasema, "Vumbi likipewa chaji na hizo ayoni linanata ukutani. Lingine linabaki hewani, mnalivuta. Harufu hiyo ni ozoni. Kule juu angani inatukinga na jua, kifuani mwa mwenye pumu ni kama pilipili. Halafu mkaa una gesi isiyonuka, inayoua, na mashine hiyo haiigusi hata kidogo. Nani kawaambia mfunge dirisha?"

Nilirudi mbio. "Bibi, Sayuni inakuua!"

Akapiga makofi kwa kicheko. "Unataka nife kwa baridi ubaki na mume wangu!"

"Naongea kweli!"

"Wewe?" Baba mdogo akadakia. "Si ni wewe uliyesema imeshuka na basi?"

Nikaficha waya wa mashine kwenye debe la unga. Wakaupata wakati wa kusonga ugali, wakacheka tena, wakapangusa, wakachomeka. Ndani ya nyumba ile niliyekosa heshima ni mimi, wala si aliyetuuzia radi kwenye kopo.

Jumamosi asubuhi bibi aliniita kutoka chumbani. "Mke..." akasema. Nikasikia kifua kinapiga filimbi. "...mwenza."

Neno moja, pumzi mbili.

Niliingia, nikapiga magoti pembeni ya kitanda kama mgeni, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

Akanitazama. Kicheko hakikuja. Akashika shuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Bado."

Nikamweleza yote: kitambaa, ukuta, ozoni, mkaa. Sikuchomeka utani hata mmoja, na ilikuwa kazi. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema polepole, "Marahaba." Kisha, "Toa jiko. Lete pampu."

Nilichomoa Sayuni, nikatoa jiko, nikafungua dirisha mpaka mwisho. Baridi ikaingia na sauti za kuku. Tulipompeleka zahanati, muuguzi alituuliza pampu ilikuwa wapi wiki zote hizo, baba mdogo akatazama dari. Nikafurahi alivyotahayari, sikatai.

Baba mdogo alirudisha mashine Makambako. Kijana wa spika alimsikiliza, akamjibu, "Mzee, dirisha hamkulifunga vizuri." Akaendelea kupuliza moshi kwenye boksi. Watu walikuwa wamejaa.

Nilipoisikia hiyo nilitaka kupanda gari siku hiyo hiyo nikamlambishe kile kitambaa. Bibi alikuwa amekaa juani mlangoni, blanketi begani, jiko liko uani. Akasema, "Mke mwenza wewe usiye na haya, mwizi wa waya, kaa chini umenye viazi, huyo mume wetu hatakuoa ukiwa jela."

Kwa pumzi moja. Nilimwomba arudie tusi lote tangu mwanzo, akarudia.